Je, Aliyeshindwa Hakuwa na Imani?



Kila mwaka miezi ya mtihani inapokaribia, huzuka katika mabweni yetu mabishano ya namna moja. Sisi wa Kidato cha Nne huyaanza usiku baada ya taa kuzimwa, na wadogo zetu hulala kimya wakisikiliza. Muhula huu yalizuka tena. Mwenzetu mmoja, ambaye ni mwanafunzi hodari na mcha Mungu kweli kweli, alisema kwamba mtu mwenye imani hashindwi kamwe. Akiomba kwa imani hupewa, na asipopewa ajue kuwa imani yake ilikuwa pungufu. Mwingine akamwuliza, "Na wale walioanguka mtihani mwaka jana, je, wao hawakuomba?" Akajibu bila kusita, "Waliomba kwa midomo." Wengi wakaitikia kwamba hayo ni kweli.

Mimi sikusema neno usiku ule. Lakini tangu siku hiyo nimeyafikiri sana maneno hayo, nami naona si vema kunyamaza, maana si maneno ya mtihani tu. Nilikwisha yasikia mahali pengine, pazito kuliko bwenini.

Miaka miwili iliyopita mdogo wangu wa kike aliugua. Tuliomba nyumbani, majirani wakaja kuomba pamoja nasi, mama akafunga siku tatu. Hospitali pia tulimpeleka, wala hatukukawia. Mdogo wangu akafariki, naye alikuwa na umri wa miaka tisa. Siku ya tatu ya matanga, mtu mmoja aliyekuja kutupa pole akamwambia mama, mbele ya wanawake waliokaa mkekani, kwamba kama imani ya nyumba ile ingalikuwa timilifu, mtoto asingalikufa. Nadhani alikusudia mema. Lakini kwa miezi mingi mama hakuweza kuomba tena. Alisema anaogopa; ikiwa ni maombi yake ndiyo yaliyompungukia mtoto, basi atathubutuje kumwombea mwingine?

Niliporudi shuleni nilitaka kujua kama Maandiko yenyewe yasema hivyo. Nimeyatazama hasa Maandiko ya Wayahudi, yaani Torati, vitabu vya Manabii, na vile vingine wavyoviita Maandiko, kama Zaburi, Ayubu na Danieli. Nimefanya hivyo kwa sababu habari zake zajulikana na sisi sote humu shuleni. Mkristo huzisoma katika Agano la Kale, na Mwislamu naye awajua Ibrahimu, Musa, Daudi na Ayubu, na kuwaheshimu. Tena, mwenzetu yule wa bwenini alipotaka kulithibitisha neno lake alimtaja Hezekia, mfalme wa Yuda, aliyeomba na adui akaondoka. Basi na tumfuate Hezekia tuone tutafika wapi. Lakini kwanza tulitazame neno lenyewe.

Neno la Kiebrania litumikalo kwa imani ni "emuna". Sisi Waswahili hatuna haja ya kulistaajabia, kwa kuwa ni ndugu wa maneno yetu wenyewe. Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, na kutoka Kiarabu sisi tumepokea watoto wengi wa mzizi huo: imani, kuamini, mwaminifu, amana, amani, na hata "amina" tunayofungia maombi. Mtu akiweka amana kwako, maana yake ni kwamba akujua wewe ni mtu wa kukaa na kitu mpaka atakaporudi. Katika Kiebrania, mlezi wa mtoto asiye wake naye huitwa kwa jina la mzizi huo huo. Ndivyo alivyoitwa Mordekai aliyemlea Esta yatima. Basi mzizi huu wote wanukia jambo moja, nalo ni kushika na kutoachia.

Hayo yaonekana wazi katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 17. Waisraeli walipofika Refidimu, Waamaleki waliwashambulia. Musa akamtuma Yoshua kupigana bondeni, na yeye mwenyewe akapanda kilimani pamoja na Haruni na Huri, fimbo ikiwa mkononi. Musa alipoinua mkono Waisraeli walishinda, alipoushusha walishinda Waamaleki. Lakini mikono ya mwanadamu huchoka. Wakaleta jiwe wakamkalisha, kisha Haruni akaushika mkono mmoja na Huri mwingine, huyu upande huu na huyu upande huu, mpaka jua likachwa. Sasa angalieni: neno la Kiebrania lililotumiwa hapo kueleza jinsi mikono ile ilivyokaa imara ni hilo hilo, "emuna".

Nilipoelezwa jambo hili nilifurahi sana, maana lilinionyesha mambo matatu. Kwanza, imani hapa ni kazi ya mchana kutwa, wala si ya dakika moja ya kusema kwa sauti kubwa. Pili, imani ya Musa haikusimama peke yake. Ilipochoka ilishikwa na watu wawili, wala hakuna aliyemkemea kwa kuchoka. Tatu, wakati Musa ameinua mikono kilimani, Yoshua alikuwa bondeni na upanga. Walimu wa Wayahudi waliuliza swali juu ya habari hii, nalo limeandikwa katika Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200 B.K. Waliuliza kama mikono ya Musa ndiyo iliyopigana vita. Wakajibu kwamba sivyo. Israeli walishinda kila walipotazama juu na kuielekeza mioyo yao kwa Baba yao wa mbinguni. Kwa hiyo hata wao hawakutaka mtu adhani kwamba imani ni dawa iliyomo katika mikono, kwamba ukiiinua namna hii hupata, ukiishusha hukosa.

Sasa nije kwa Hezekia. Mnamo mwaka 722 K.K. ufalme wa kaskazini wa Israeli ulikuwa umekwisha angushwa na Waashuru, na watu wake kuhamishwa. Ukabaki ufalme mdogo wa Yuda, na mji wake Yerusalemu. Mwaka 701 K.K. Senakeribu, mfalme wa Ashuru, akapanda juu ya Yuda na jeshi lake. Wengi wetu hukumbuka sehemu moja tu ya habari hii, kwamba Hezekia aliomba. Lakini Kitabu cha Pili cha Wafalme hakituambii kwamba Hezekia alianza kwa kuomba. Alianza kwa kuogopa. Alituma wajumbe kumwomba msamaha Senakeribu, akatozwa talanta 300 za fedha na talanta 30 za dhahabu, akazitoa fedha zote za hekalu na za nyumba ya mfalme, hata akaibandua dhahabu ya milango ya hekalu. Ashuru akapokea mali, na majeshi yakaja vile vile.

Mkuu mmoja wa Ashuru akasimama karibu na ukuta wa mji akapiga kelele. Swali lake lilikuwa moja, nalo alilirudia kwa njia nyingi: mnatumainia nini? Akawacheka kwa kuitumainia Misri, akasema ni sawa na fimbo ya tete, mtu akiiegemea humchoma mkono. Akawaonya wasimsikilize Hezekia akiwaambia wamtumainie Bwana, kwa sababu miungu ya nchi nyingine haikuziokoa nchi zake. Watumishi wa Hezekia wakamsihi aseme kwa Kiaramu, kwa kuwa wao wakijua, asiseme kwa lugha ya Wayahudi masikioni mwa watu walio ukutani. Yeye akazidi kupaza sauti kwa lugha ya watu, kwa sababu hao ndio aliotaka kuwavunja moyo. Watu wakanyamaza kimya, kama walivyoamriwa na mfalme wao.

Baadaye ikaja barua ya vitisho. Hezekia akaichukua, akaisoma, akapanda nayo hekaluni, akaikunjua mbele za Bwana. Napenda sana kitendo hiki. Hakuificha barua, wala hakujidai kwamba haikuandikwa. Aliiweka wazi yote, na katika maombi yake alikiri kwamba ni kweli wafalme wa Ashuru wameziharibu nchi nyingine. Isaya mwana wa Amozi akamletea jibu kwamba adui hataingia mjini. Maandiko yasema kwamba usiku ule malaika aliwapiga Waashuru 185,000, na Senakeribu akarudi Ninawi. Senakeribu naye aliacha maandishi yake mwenyewe juu ya mche wa udongo. Humo ajisifu kwamba aliiteka miji 46 ya Yuda yenye kuta, na kwamba alimfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni. Lakini hasemi popote kwamba aliuteka mji huo.

Hapo ndipo mwenzetu wa bwenini aliposimama katika hadithi yake. Mimi naomba tusisimame hapo, kwa kuwa yako mambo mawili aliyoyaruka.

La kwanza ni maji. Chemchemi ya Gihoni, ambayo Yerusalemu iliitegemea, ilikuwa nje ya ukuta. Mji uliozingirwa bila maji hauwezi kudumu. Kitabu cha Wafalme na kile cha Mambo ya Nyakati vyasema kwamba Hezekia aliyaleta maji mjini kwa njia aliyoichimba. Njia hiyo ipo hata leo chini ya ardhi ya Yerusalemu, imechongwa katika mwamba mtupu, na urefu wake ni yapata meta 533. Mwaka 1880 mwanafunzi mmoja wa mjini humo aligundua maandishi ya kale yaliyochongwa ukutani mwake, ambayo sasa yamewekwa katika jumba la makumbusho huko Istanbul. Yaeleza kwamba wachimbaji walianzia pande mbili, na zilipobaki dhiraa tatu tu, wakasikia sauti za wenzao wakiita kutoka upande wa pili wa mwamba. Wakapiga sururu kwa sururu, na maji yakapita. Wataalamu wengi wakubali kuwa ndiyo kazi ya siku za Hezekia. Basi mfalme aliyeikunjua barua mbele za Bwana ndiye aliyechimba mwamba. Mwenzangu unayesema umekwisha mkabidhi Mungu mtihani wako, na kitabu cha jiometri hujakifungua tangu Juni, hebu niambie: handaki lako liko wapi?

Lakini nisimwonee mtu kwa upande mmoja tu. Nabii Isaya, katika mlango wa 22, awakemea watu wa Yerusalemu waliohesabu nyumba, wakazibomoa ili kuimarisha ukuta, wakatengeneza birika la maji, ila hawakumtazama yeye aliyeyafanya hayo tangu zamani. Kwa hiyo achimbaye na asitazame juu naye ana lawama yake, na baadhi yetu tulio wasomaji wakubwa tumo katika kundi hilo.

Jambo la pili alilolisahau mwenzetu ni Lakishi. Lakishi ulikuwa mji mkubwa wa Yuda, wenye ngome, upande wa kusini-magharibi wa Yerusalemu. Mwaka ule ule wa 701 K.K. Senakeribu aliuzingira, akajenga boma la mawe na udongo la kupandia ukutani, akauteka. Alijivunia ushindi huo hata akauchongesha katika mawe ya jumba lake la Ninawi. Mawe hayo sasa yako London katika makumbusho ya Uingereza. Waonekana watu wakitoka mjini na mizigo yao, wanawake na watoto wamo garini, na wanaume wengine wakiteswa.

Sasa nauliza, na nataka msomaji asijibu upesi. Je, akina mama wa Lakishi hawakuomba? Walikuwa watu wa Yuda kama wale wa Yerusalemu, chini ya mfalme mmoja na nabii mmoja. Nimesoma habari hiyo yote, wala sikuona mahali Maandiko yasemapo kwamba Lakishi ilianguka kwa sababu imani ya watu wake ilikuwa haba, na Yerusalemu ikapona kwa sababu imani ya watu wake ilikuwa kubwa. Mwenye kutaka kupima imani kwa kuokoka, hana budi kwenda mbele ya picha zile, amtazame mwanamke yule aliye juu ya gari na mtoto wake, amwambie kwamba aliomba kwa midomo.

Tena huko Yerusalemu kwenyewe, kule kuokoka kulizaa hatari. Watoto na wajukuu wakaanza kudhani kwamba mji ule hauwezi kuanguka kamwe, kwa kuwa hekalu li ndani yake. Karibu miaka 100 baadaye, nabii Yeremia alisimama langoni mwa hekalu akawaambia kwamba hayo ni maneno ya uongo ya kutumainia. Watu waliiba, waliua, waliwaonea mgeni, yatima na mjane, kisha wakaja hekaluni kusema kwamba wameokoka. Akawakumbusha mji wa Shilo, ambako maskani ya Mungu ilikuwapo zamani, na jinsi ulivyoachwa ukawa ukiwa.

Wakati huo alikuwako nabii mwingine, jina lake Hanania. Ukimsikiliza kwa masikio ya bweni letu, Hanania ndiye aliyekuwa na imani kubwa. Yeremia alikuwa amevaa nira shingoni kuonyesha kwamba watu watatumikia Babeli. Hanania akaitwaa nira ile mbele ya makuhani na watu wote, akaivunja, akasema kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vyote vya hekalu vilivyochukuliwa vitarudishwa. Naamini watu walishangilia. Nani asiyependa habari kama hizo? Lakini Maandiko yamwita Hanania mtu aliyewatumainisha watu uongo. Mwaka 586 K.K., au 587 kama wengine wahesabuvyo, Wababeli waliubomoa ukuta, wakalichoma hekalu, wakawachukua watu utumwani. Basi ipo sauti ya kujiamini iliyo kubwa kuliko imani, nayo si imani.

Na Yeremia, aliyesema mji utaanguka, alifanya nini? Jambo alilolifanya ndilo lililonituliza mimi kuliko yote, nalo limeandikwa katika mlango wa 32 wa kitabu chake. Mji ulikuwa umezingirwa, na yeye amefungwa katika uwanja wa walinzi kwa sababu ya maneno yake. Akaja Hanameli, mwana wa ami yake, akamwambia anunue shamba lake huko Anathothi, kijiji chao walikozaliwa, kilometa chache tu kutoka mjini. Jeshi la Babeli lilikuwa limekwisha ijaa nchi yote. Mtu mwenye akili za biashara angalimcheka Hanameli. Yeremia akanunua. Alipima shekeli 17 za fedha katika mizani, akaandika hati, akaita mashahidi, akaitia muhuri. Zilikuwako hati mbili, moja iliyofungwa na moja iliyo wazi. Akampa Baruku mbele ya watu wote, akamwamuru azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Maana ya jambo hilo ilikuwa kwamba iko siku nyumba na mashamba na mizabibu itanunuliwa tena katika nchi ile.

Na alipokwisha kununua, akaomba. Na maombi yake yana mshangao mwingi. Amwambia Mungu, kwa maana yake, kwamba tazama maboma ya adui yamefika ukutani, mji umetiwa mikononi mwao, nawe waniambia ninunue shamba! Yaani mtu huyu alikuwa amelipa fedha na bado moyo wake unauliza. Mimi nilikuwa nikidhani kwamba mwenye kuuliza amepungukiwa na imani. Kumbe mwenye kuuliza aweza kuwa ndiye yule yule mwenye hati mkononi.

Yeremia hakuvuna shamba lile. Baada ya mji kuanguka watu wake walimchukua kwa nguvu wakaenda naye Misri, wala Maandiko hayatuambii kwamba alirudi. Kwa kipimo cha bweni letu alishindwa. Lakini Koreshi mfalme wa Uajemi alipowapa Wayahudi ruhusa ya kurudi kwao, mnamo mwaka 538 K.K., Kitabu cha Ezra kiliandika hesabu ya waliorudi, mji kwa mji. Katika orodha hiyo ndefu inayochosha kusoma, wamo watu wa Anathothi, 128.

Najua kuna atakayeniuliza, "Kama imani haimwokoi mtu na kuanguka, basi nguvu yake ni nini?" Swali hili ni la haki. Namjibu kwa habari ya wale vijana watatu katika kitabu cha Danieli, Shadraka, Meshaki na Abednego. Walipotishwa na tanuru ya moto walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa; kisha wakaongeza kwamba hata asipowaokoa, hawataiabudu sanamu yake. Sisi huwasifu kwa kutoka motoni. Mimi naona nguvu ya imani yao ilikuwa imekwisha kuonekana kabla hawajatupwa, hapo walipokubali kwamba huenda wasiokolewe na bado wasigeuke. Mfalme alikuwa na moto, na baada ya maneno hayo hakuwa na kitu kingine cha kuwatishia.

Na kwa wale wapendao kuwahesabia wenzao imani, namaliza kwa Ayubu. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, waliposikia msiba wake walikuja, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku, pasipo kusema neno. Hapo walikuwa marafiki wa kweli. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, maana kila mmoja alisema kwa njia yake kwamba Ayubu hana budi kuwa amekosa ndiyo maana amepatwa. Ayubu alikataa, akalia, akamlalamikia Mungu kwa maneno makali ambayo mimi naogopa hata kuyaandika hapa. Na mwisho wake? Hasira ya Mungu iliwaka juu ya Elifazi na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Wakaamriwa walete ng'ombe saba na kondoo waume saba, na Ayubu awaombee. Waliomtetea Mungu kwa kumlaumu aliyefiwa na watoto wake, wakaombewa na aliyefiwa.

Nilipomsomea mama habari hiyo wakati wa likizo, aliniomba niisome tena.

Lakini nisije nikasema uongo, si kusoma kwangu kulikomrudisha mama katika maombi. Ni bibi mmoja jirani yetu. Bibi huyo alikuwa akija kila jioni, akikaa naye barazani, akimsaidia kuchambua mchele au mboga, wala hakumhubiria. Giza likiingia bibi husali sala yake fupi, kisha huenda zake. Kwa miezi mingi alisali peke yake na mama yuko kimya. Siku moja mama akaitikia amina. Nilipojifunza habari ya Haruni na Huri nilimkumbuka bibi yule.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, mtihani wetu uko karibu. Tuombe, na tusome. Wapo miongoni mwetu watakaofaulu, na wapo watakaoanguka ijapokuwa walisoma na kuomba kuliko wengine. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka, na ndivyo itakavyokuwa. Matokeo yakitoka, asiwepo hata mmoja wetu wa kumwambia mwenzake kwamba aliomba kwa midomo. Anayetaka kumsaidia mwenye mikono iliyochoka, ajue kazi yake imekwisha andikwa: ni kuleta jiwe akalie, na kushika mkono mmoja mpaka jua lichwe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne